Shamba la Nyamweya

Josiah Makori alirudi Kebirigo mwezi wa Machi 1968 baada ya miaka sita jeshini. Alikuja na sanduku la bati, blanketi mbili za kijivu na cheti ambacho hakuna mtu kijijini aliyeelewa kilikuwa cha nini.

Alikuwa mhudumu wa wodi katika hospitali ya jeshi huko Nairobi. Mwaka mmoja kabla ya kuachishwa, daktari Mskoti aliwachagua watu wanane, wahudumu na makoplo, akawafundisha kwa wiki tatu namna ya kukaa na askari waliorudi kutoka vita vya kaskazini mashariki dhidi ya waasi walioitwa Shifta. Wengi wa askari hao hawakuwa na jeraha lolote la kufunga. Walikuwa hawalali, au wanatetemeka mikono, au wanakaa tu wakiutazama ukuta.

"Mimi hawataniambia kitu," daktari alisema. "Askari humwambia askari mwenzake, ikiwa mwenzake anajua kunyamaza."

Basi wakafundishwa kunyamaza. Wakafundishwa kukaa ubavuni mwa mtu badala ya kumkabili kama polisi, kutomuuliza kwa nini, na kutomkimbilia na pole wala na aya ya Biblia kabla hajamaliza. Zaidi ya yote walifundishwa kwamba lile watakalolisikia si mali yao. Wasilipeleke kwa ofisa, wala kwa kasisi, wala kitandani kwa wake zao.

Josiah aliishika kazi hiyo kuliko wote. Mdogo wake, Nyamweya, alikuwa ameuawa huko upande wa Wajir mwezi wa Novemba 1966, akiwa na miaka ishirini na mmoja, na kila askari aliyeketi karibu naye wodini Josiah alimwona kama mtu aliyetoka alikokuwa mdogo wake.

Barua ya jeshi ilikuwa na mistari miwili. Nyamweya aliuawa na adui akiwa kazini. Amezikwa hukohuko. Mama yao, Nyanchera, ambaye alikuwa mjane, hakupata hata kaburi la kwenda kulilia. Alichobaki nacho ni kipande cha shamba kando ya kijito, sehemu ambayo baba yao alikuwa amemtengea Nyamweya kabla ya kufa. Majirani wote walikuwa wanapanda chai, lakini Nyanchera alikataa jembe lisiguse pale. Nyasi zikaota mpaka kiunoni.

Siku ya tatu tangu Josiah arudi, mama alimwita jikoni.

"Wewe ulikuwa jeshini. Hukusikia mdogo wako alikufaje?"

"Sikuwa huko, mama. Mimi nilikuwa hospitali."

"Onsongo alikuwa huko. Aliniambia risasi ilimpata hapa," akagusa kifua chake, "akaanguka, hakuumia. Hakusema hata neno. Lakini huyo Onsongo mwenyewe anakufa sasa, Josiah. Nenda umwone. Alikula sahani moja na mtoto wangu."

Cleophas Onsongo alikuwa jirani yao ng'ambo ya kijito. Yeye na Nyamweya walijiunga na jeshi siku moja, wakapelekwa platuni moja. Aliachishwa mwaka 1967 kwa sababu hakufaa tena kazi. Lori la majani chai likipiga kishindo barabarani, alijitupa chini ya kitanda, na watoto wake wanne walishajua kuondoka nyumbani wakamwacha mpaka atoke mwenyewe. Mara moja alikuwa amemvunja mkono mkewe, Bitutu. Wazee wa kanisa walikuja kuomba mara tatu, na ndugu zake wakaleta mganga kwa siri. Hakuna kilichosaidia. Mtu pekee aliyeendelea kuingia pale bila kuogopa ni Nyanchera, aliyepeleka ugali wa wimbi na mboga za chinsaga kila wiki, akakaa mlangoni mpaka Cleophas ale.

Josiah, aliyekuwa amepata kazi katika zahanati ya kijiji, alianza kwenda. Mwanzoni walikaa tu, bega kwa bega kwenye gogo, wakisokota kamba za migomba. Cleophas aliongea juu ya mbuzi wake. Wiki ya nne akasema halali. Wiki ya sita akasema anasikia harufu ya mchanga ndani ya ugali.

"Nimekusikia," Josiah alijibu, na akaendelea kusokota.

Wengine wakajua. Kufikia Juni walikuwa watu wanne waliokutana kila Jumapili alasiri katika darasa la shule ya msingi, wakibanana kwenye madawati ya watoto. Alikuwepo Manasseh, aliyekuwa polisi na aliyetumwa miaka mitatu kuokota watu waliokufa kwenye ajali za barabarani. Alikuwepo Abner, aliyetoka jeshini na sikio moja bovu. Josiah aliwafundisha kama alivyofundishwa. Leo huyu anasema na yule anasikiliza, wiki ijayo wanabadilishana. Kinachosemwa ndani ya darasa hakitoki mlangoni. Bitutu alikuja siku moja kwa Nyanchera akiwa amebeba mkungu wa ndizi, akalia. Mumewe alikuwa amelala usiku mzima.

Jumapili moja ya Agosti, wengine walipoondoka, Cleophas alibaki.

"Kuna jambo halijatoka," akasema. "Na wewe ndiye mtu nisiyepaswa kumwambia. Lakini nisipokwambia wewe, nitalitoa kwa nani?"

Josiah alidhani anajua. Alidhani ni habari ya askari aliyekimbia akamwacha mwenzake, maana hadithi hiyo alishaisikia mara nyingi wodini. Akasogea, akakaa kando yake.

"Nilikuwa kwenye lindo," Cleophas alisema. "Jua linazama. Tulikuwa tumeshambuliwa siku mbili mfululizo, hatujalala. Nikaona mtu anatoka kwenye miiba, upande ambao hatukuwa na mtu. Amejifunga kitambaa kichwani mpaka mdomoni, kwa sababu ya vumbi. Nikaita mara moja. Upepo ulikuwa mwingi. Sikungoja kuita mara ya pili."

Josiah alibaki ubavuni mwake, akitazama ubao.

"Alikuwa amekwenda kutafuta kuni bila kumwambia mtu. Kuni zilikuwa bado mkononi. Nilimjua alipolia. Alilia kwa Kikwetu. Amache, amache. Anataka maji. Sajini akasema tusimpe maji kwa sababu ya tumbo, risasi iliingia tumboni. Alikaa mpaka giza likawa giza kabisa, Josiah. Nilimshika kichwa. Aliniuliza ni nani amempiga. Nikamwambia ni Shifta."

Mbuzi alikuwa akilia nje ya darasa. Cleophas aliinamisha kichwa juu ya dawati, akalia kwa sauti kubwa kama mtoto. Na Josiah Makori, ambaye mikono yake ilikuwa inamtaka amshike yule mtu shingoni, aliiweka mikono hiyo juu ya magoti yake, akasema maneno aliyofundishwa kusema.

"Nimekusikia."

"Mama akijua?"

"Hatajua."

Alitembea kwenda nyumbani akamkuta mama yake anachagua maharagwe. Mama alimuuliza Onsongo anaendeleaje. Josiah alisema anaendelea vizuri, akaingia ndani, akalala bila kula.

Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo Cleophas alipona. Alinenepa. Malori yalipita, naye akainua tu macho. Alirudi kanisani, akaanza kucheka na watu sokoni. Nyanchera alisema Mungu amemrudishia mtoto mmoja kati ya wawili aliokuwa amewapoteza, na akamshukuru Josiah mbele ya watu kwa kazi aliyoifanya.

Josiah ndiye aliyeacha kulala. Mkewe, Nyamoita, alimuuliza ana nini, akamjibu ni mgongo. Jumapili alikwenda darasani akakaa ubavuni mwa mtu, lakini hakusikia kitu. Mara moja Manasseh alianza kueleza juu ya mwanamke aliyemtoa ndani ya basi lililopinduka, mwanamke aliyekuwa hai alipomshika na hakuwa hai alipomweka chini. Josiah alisimama katikati ya maneno.

"Tuendelee wiki ijayo," akasema.

"Nilikuwa bado."

"Nimesema wiki ijayo, Manasseh!"

Manasseh alimtazama, akachukua kofia yake. Wiki iliyofuata hakuja. Mwezi huohuo alimwacha mkewe na maua yake ya pareto yasiyochumwa, akaondoka kuelekea Kericho, na hakuna aliyemwona tena. Abner naye akakoma kuja. Mwalimu mkuu akachukua ufunguo wa darasa.

Josiah aliandika barua kwa yule daktari. Aliiandika mara nne akiichana. Katika ile aliyoituma hakutaja jina la mtu yeyote. Aliuliza swali moja tu: mtu anayesikiliza, yeye humwambia nani? Barua ilirudi baada ya miezi miwili ikiwa haijafunguliwa. Juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba mhusika amerudi kwao Uingereza.

Desemba 1969 Nyanchera aliita kikao. Alikuja shemeji yake, mzee Ongeri, na wazee wengine wawili wa ukoo. Cleophas na Bitutu waliitwa pia. Nyanchera alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani.

"Nimezeeka," alisema. "Shamba la Nyamweya limekaa nyasi miaka mitatu. Onsongo ana watoto wanne na shamba lake halitoshi hata migomba. Yeye ndiye aliyemzika mtoto wangu kwa mikono yake. Nataka apande chai pale. Liwe lake na watoto wake."

Mzee Ongeri alikohoa. Kumpa mtu wa nje shamba la ukoo halikuwa jambo dogo. "Josiah unasemaje? Wewe ndiye uliyebaki."

"Nakataa," Josiah alisema.

"Una sababu?"

Alimtazama Cleophas. Alingoja Cleophas aseme hapana. Neno moja lingetosha, na lisingemuumiza mtu: asante mama, siwezi kupokea. Cleophas alikuwa ameketi na kofia magotini, akitazama kofia.

"Sababu yangu ninayo," Josiah alisema.

"Tuambie basi."

"Siwezi."

Nyanchera aligeuka polepole akamtazama mwanawe. "Una shamba la baba yako. Una mshahara wa zahanati. Huyu alimshika ndugu yako alipokuwa anakata roho, wewe ukiwa Nairobi unalala juu ya godoro. Unamnyima kipande kile?"

Wazee walisubiri. Josiah alifungua kinywa. Aliona uso wa mama yake, jinsi alivyokuwa ameamini kwa miaka yote ile kwamba Nyamweya alianguka mara moja na hakuumia, akakifunga.

"Ninakataa tu," alisema.

"Basi ni choyo," mzee Ongeri akasema, na jambo likaisha. Cleophas alisimama, akapokea mkono wa Nyanchera kwa mikono yake miwili.

Kesho yake Josiah alimfuata kijitoni, ambapo Cleophas alikuwa ameshaanza kukata nyasi.

"Ungeweza kukataa."

Cleophas aliacha panga. Hakuwa na hasira. "Nina watoto wanne, Josiah. Unajua wanakula nini. Ningekataa kwa neno gani? Mama angeniuliza sababu."

"Unalima juu ya damu yake."

"Najua ninalima juu ya nini." Akajifuta jasho. "Ukitaka, nenda ukamwambie. Sitakuzuia. Kweli kabisa, sitakuzuia. Mimi nililitoa, sasa liko kwako."

Aliinama akaendelea kukata. Josiah akarudi nyumbani, akamwambia Nyamoita afungashe vitu.

Alipata kazi katika zahanati nyingine mjini Kisii, akapanga vyumba viwili mtaa wa Nyanchwa. Huko nyumbani ilisemwa kwamba ameondoka kwa sababu ya kukosa shamba. Ilisemwa kanisani na sokoni, mpaka ikawa ndiyo habari yake. Wadogo waliokua nyuma yake walimjua hivyo: yule mhudumu wa zahanati wa Nyanchwa aliyemnyima askari mwenzake shamba. Alikwenda Kebirigo wakati wa Krismasi, akakaa siku moja, na hakupita njia ya kijitoni.

Mwezi wa Aprili 1974 aliitwa. Nyanchera alikuwa amelala kitandani, miguu imevimba, na Bitutu ndiye aliyekuwa akimwosha. Bitutu alipomwona Josiah alichukua karai akatoka nje bila kumsalimu.

Josiah alikaa kando ya kitanda, akamshika mama mkono, akahesabu mapigo kwa mazoea ya kazi. Yalikuwa dhaifu.

"Onsongo huja kila siku," Nyanchera alisema. "Amenifanyia yote. Chai yake ni nzuri kuliko ya watu wote."

"Nimeambiwa."

"Bado una kinyongo cha lile shamba?"

"Hapana, mama."

"Unanidanganya. Naona usoni." Alipumzika kidogo ili apate pumzi. "Sikukulea hivyo. Najiuliza kila siku nilikosea wapi na wewe. Nyamweya hangekuwa hivyo. Nyamweya angempa na lake pia."

"Ndiyo, mama. Angempa."

"Muombe Onsongo msamaha kabla sijafa. Nataka nione."

Nyayo zilisikika uani, na Cleophas akaingia akiinama mlangoni, akiwa na gunia la mvua mabegani na maji yanamchuruzika. Alipomwona Josiah alisimama palepale. Nyanchera aliwatazama wote wawili, akatabasamu, akangoja.

Josiah aliinuka. Alimpa mkono.

"Nisamehe," alisema.

Cleophas aliushika ule mkono. Midomo yake ilitikisika kama mtu anayetaka kusema, lakini mama alikuwa anawatazama.

"Nimekusamehe," akasema.

Nyanchera alikufa siku ya pili. Josiah alitaka kuchimba kaburi, lakini wazee walikuwa wameshampa Cleophas kazi hiyo, kwa kuwa ndivyo marehemu alivyoomba.