Muda wa Kufunga Viatu

Balbu ya jikoni kwa Mwamini ililia mara tatu kabla ya alfajiri, ti, ti, ti, kama kucha inayogonga kikombe cha bati. Mwamini alikuwa ameshaamka. Alikuwa mjane wa miaka sitini na kidogo, mtu wa ukoo uliofika Kolwezi kutoka Kasongo na malori ya biashara. Kila siku alikanda unga na kukaanga mikate, ili watu wa zamu ya kwanza wapate kitu tumboni kabla ya kupanda lori la mgodi wa Mashamba. Aliposikia balbu inalia alinawa mikono, akatandika mkeka, akafungua mlango wa nyuma. Wageni walikuwa wanashuka kwenye nguzo ya umeme.

Walishuka kinyumenyume, kama watu wanaoteremka kilima wakati wa mvua, kisha wakafuta miguu kwenye gunia. Udongo wa miguu yao ulikuwa mweusi, haukuwa mwekundu kama wa Kolwezi. Walikuwa watu wa vijiji vilivyo chini ya waya mkubwa, ule ulioletwa kutoka bwawa la umeme la Inga, ukapita misitu na nyika na mito kwa kilomita elfu moja na mia saba, ukaingia Kolwezi bila kusimama mahali. Waya ulipita juu ya mapaa yao, na hakuna taa hata moja iliyoshuka kwao. Kwa hiyo tangu mwaka ule ulipowashwa, mtu mwenye kazi ya kuhitaji mwanga alipanda mnara ulio karibu na kwake, akaufuata waya mpaka mwisho, akakaa chini ya balbu ya mwenye balbu.

Kwa Mwamini walikuja watatu, siku nyingine wanne. Mwalimu mmoja alileta madaftari ya wanafunzi, akayasahihisha akiwa amepiga magoti. Mzee mmoja alikuja kutoa mwiba kidoleni, na mwiba ulipotoka akaendelea kuja, kwa sababu alipenda kuona mikono yake. Chini ya balbu hawakuwa na vivuli. Walikuwa wameviacha nyumbani vilinde watoto. Yule mzee hakuondoka hata siku moja bila kuchochea moto wa Mwamini, na hakuna aliyemwomba. Mwamini aliliona hilo, akawa anamwekea mkate wake pembeni, ule wa kwanza kutoka kwenye mafuta.

Baada ya mvua za kwanza akaanza kuja mwanamke kijana aliyebeba kitu kifuani, kimefungwa kwa kitambaa cha buluu. Alifika nyuma ya wote, miguu imevimba, kwa sababu kwao ilikuwa katikati kabisa ya waya, huko Kasai. Alikaa ukingoni mwa mkeka, pale mwanga unapoishia. Kila alipokaa na kugusa fundo la kitambaa, balbu iliishiwa nguvu, ikabaki na uzi mwekundu tu. Kisha kukapambazuka, wakapanda nguzo wakaenda zao.

Mwamini hakumuuliza neno. Alimpa mkate wa moto kwenye jani la mgomba, siku nne mfululizo. Siku ya tano mwanamke alisema.

“Mi naitwa Ntumba, mama. Hiki iko mutoto yangu.”

“Amelala?”

“Amekufa, mama.”

Mwamini akamsogezea kigoda, naye akaeleza kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mtoto alizaliwa usiku, mwezi umekwisha kutua, na taa ya nyumba haikuwa na mafuta, maana dukani yalikuwa yamepotea kwa wiki mbili. Alipumua kidogo. Kabla jogoo hajawika alikuwa amepoa. Na kwao mtoto ambaye hakuliona jua huzikwa kabla jua halijamwona yeye. Wanawake walimzika gizani, mkono kwa mkono. Lakini kwao pia jina la mtoto husomwa usoni: mama humtazama, akaona ni nani wa ukoo aliyerudi, akamwita. Huyu hakutazamwa. Hakuwa na jina la kumshika mahali pamoja, basi usiku uliofuata alirudi kifuani kwa mama yake.

“Mikono yangu inamujua,” Ntumba alisema. “Iko mutoto mwanamuke, iko na masikio mbili. Lakini mikono haisomake jina. Nimuone sura mara moja tu, nimuite, apumuzike.”

Hapo balbu ikaishiwa nguvu tena.

Kulipokucha, watu walikuja kununua mikate. Omer, fundi wa kituo cha umeme, alikuwa ametoka zamu. Tata Mukalay, jirani aliyestaafu kazi ya mgodini, alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kila siku, kile kilicho karibu na sinia.

“Omer, mutoto yangu,” Mwamini alisema, “juu ya nini mwangaza inaanguka kila siku saa ileile?”

“Saa kumi na nusu, mama. Njo saa mi nasukuma mukono ya swichi, pampu za shimo ya mugodi zinaamka. Zinakunywa umeme yote. Maji ya shimo haingojake.”

“Na nani aliamua shimo itangulie mbele ya nyumba za bantu?”

Omer alifikiri. “Haikuamuliwa, mama. Iliandikwa.”

Tata Mukalay akacheka mpaka makombo yakamtoka. “Andika vile! Ile waya ilikula makuta, feza yote ya inchi muzima. Ikakula na ya batoto bale habajazaliwa. Ikishashiba, inabapita juu ya kichwa sawa ndege ya mukubwa.”

“Tata, we unakula mukate ya bule, halafu unatukana waya,” Omer alisema.

“Mukate iko ya Mwamini, namujua. Waya iko ya nani?”

Mwamini akauliza kama taa haiwezi kushushwa kule kwa Ntumba, moja tu, ya saa moja tu. Omer akatikisa kichwa kwa huruma. Umeme wa namna ile, alisema, haushuki njiani. Ili ushuke, lazima pajengwe kituo kingine kama cha Kolwezi, nyumba nzima ya mashine, na Leta, serikali yenyewe, haina tena pesa ya hata mlango wake. Yeye mwenyewe aliwaona wageni kila siku wakipita juu ya mashine zake. Chef, mkubwa wa kituo, alikuwa ameweka gunia la kufutia miguu na tangazo ukutani: wageni wapite upande wa kuume.

“Chef iko mutu muzuri,” Omer alisema.

“Kweli,” Mukalay akasema. “Amebapa gunia.”

Ndipo Mwamini akamweleza Omer habari ya kitambaa cha buluu. Alieleza taratibu huku akigeuza mikate, asiache kitu. Omer alitafuna, akaacha kutafuna, akaangalia viatu vyake. Vilikuwa viatu vyeusi vya kazi, vya kamba ndefu.

“Mama, sheria ya kazi inasema, mutu asiguse swichi na viatu byenye kufunguka. Anaweza kuanguka.”

“Iko sheria muzuri.”

“Kesho ile saa, kamba itakuwa imefunguka. Mu viatu byote mbili.”

Akachukua mikate yake, akaenda kulala. Mwamini akaongeza unga.

Siku iliyofuata balbu ililia mara tatu, mlango ukafunguliwa, wageni wakashuka. Mwalimu hakufungua madaftari. Mzee wa mwiba alichochea moto mapema, akasogea ili Ntumba akae katikati ya mkeka. Saa kumi na nusu ilifika. Balbu ilitetemeka, ikabaki inawaka.

“Fungua, mwanangu,” Mwamini alisema. “Anafunga kiatu ya kwanza.”

Ntumba akafungua fundo. Mtoto hakuwa ameharibika. Nywele zake zilikuwa zimeota tangu siku ya kuzikwa, na kucha pia, na macho yalikuwa wazi, yakiitazama balbu bila kupepesa. Alikuwa na kishimo kidevuni. Sikio la kushoto lilikuwa limejikunja kama jani la maharage. Ntumba aliinama mpaka pumzi yake ikamgusa mtoto usoni. Mahali fulani mjini Omer alikuwa amemaliza kiatu cha kwanza, ameanza cha pili, na chini kabisa ya shimo maji yalikuwa yanapanda polepole.

“Ee Nzambi,” Ntumba alisema. “Njo Godelieve. Mama ya bwana yangu.”

“Alikuwa muzuri?”

“Alinichukia mpaka siku ya kufa, mama. Alisemaka sijue kupika bukari.” Ntumba alikuwa anacheka, na machozi yalikuwa yanaingia kinywani. “Anaona sasa! Amerudia kwangu. Godelieve. Godelieve, mama, lala.”

Mtoto aliposikia jina lake alifumba macho. Balbu ikaanguka, ukabaki uzi mwekundu. Kulipopambazuka Ntumba alipanda nguzo mikono mitupu, mwepesi kama msichana, na kwenye mkeka kilibaki kitambaa cha buluu, kimekunjwa, bado kina joto.

Siku hiyo maji ya shimo yalipanda upana wa kidole kimoja. Pampu ziliyanywa kabla ya saa sita mchana. Lakini upana wa kidole uliandikwa, karatasi ikaenda ofisini, ofisi ikafikiri, na mwisho wa wiki ikatoka amri mpya: wafanyakazi wote wa kituo wavae mabuti ya mpira, yasiyo na kamba. Omer alipita kwa Mwamini akiwa amevaa ya kwake. Yalipiga kelele kama chura.

“Balikupatia zawadi,” Mukalay alisema.

“Zinaingiza maji, tata,” Omer alisema, akaketi. Mwamini akampa mkate wa kwanza kutoka kwenye mafuta.

Ntumba hakuja tena. Mwamini alifua kitambaa, akakianika, akakikunja. Kitambaa cha mtoto wa mtu hakikai nyumba ya mtu mwingine. Ikafika Ijumaa, akamwomba Mukalay aangalie jiko kesho yake alfajiri. Jumamosi yenyewe akaswali mapema kuliko siku zote, akaweka kitambaa na mikate ndani ya kapu, akavua viatu, akapanda nguzo.

Kituoni alifuta miguu kwenye gunia na kupita upande wa kuume. Omer alimpungia mkono. Kisha akaingia kwenye waya mkubwa. Ulikuwa na joto chini ya nyayo, kama jiwe la jiko lililozimwa punde, na ulivuma kwa sauti moja isiyopumua. Alitembea juu ya nyasi na mito na mapaa. Mbwa walibweka chini yake wala hakuwaona. Mtoto alikohoa ndani ya nyumba, akakohoa tena. Njia nzima mpaka kwa Ntumba, chini hakukuwa na mwanga hata wa ukubwa wa punje.

Alishuka kinyumenyume. Giza lilikuwa zito, na waya ulivuma juu yake kama mtu anayetaka kusema. Mikono ikaja, ikamgusa paji la uso, mashavu, kidevu.

“Njo mama ya mikate,” sauti ya Ntumba ikasema. “Naona kwa unga.”

Mikono midogo ikaja nyuma yake, ya watoto wengine wa nyumba, ikapata kapu. Waliikula mikate ya Kolwezi bila kuiona, wakasema iko muzuri. Ntumba alimshika Mwamini mkono, akamwongoza mpaka kando ya mguu wa mnara, akamwinamisha, akamwekea kiganja juu ya kilima kidogo cha udongo. Ulikuwa umetulia. Mwamini akatandaza kitambaa pale, akakilainisha pembe kwa pembe, kwa mikono.

Sauti ya majembe ikaanza. Ilikuwa Jumamosi, siku ya salongo, kazi ya lazima ya Leta isiyo na malipo, na kijiji kizima kilikuwa kimeshatoka, wanaume na wanawake, kufyeka nyasi chini ya waya ili moto usiufikie. Walifyeka gizani kwa kuwa jua likipanda ni lazima waende kwenye mihogo yao. Ntumba naye alikuwa na jembe begani. Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanajuana kwa kikohozi.

“Na siku ya mimba ulikuwa unafyeka?” Mwamini aliuliza.

“Mpaka ile siku ya mwisho, mama. Waya haijue mimba.”

Mwamini alitaka kuutazama uso wa msichana huyu kabla ya kuondoka, hakuweza. Akaushika kwa mikono miwili. Kulikuwa na jasho, na tabasamu. Alikumbuka kwamba kivuli chake alikiacha Kolwezi, kinageuza mikate, na Mukalay pengine alikuwa ameshaanza kukinung’unikia kwamba kinampa midogo. Ilimpasa kurudi.

Akaweka mguu kwenye chuma cha kwanza cha mnara.

“Mama,” Ntumba aliita kutoka chini, jembe likiwa limesimama. “Urudie kutuona. Ila ukuye muchana, nasisi tukuone.”