Benchi la Bi Tausi

Fundi Sabiri alikuwa hodari wa randa na msumeno, hilo hakuna Pangani nzima aliyelibisha. Lakini mwaka ule, kwenye benchi la Bi Tausi, alilipua kazi, naye alijua wazi kwamba analipua.

Benchi lenyewe lilikuwa la mvule, likikaa nje barazani, jua lake, mvua yake, chumvi ya bahari yake. Kila mwaka kabla ya masika husuguliwa, likaanikwa likakauka, likanyweshwa sifa, yale mafuta ya ini la papa yanayozuia mbao kuoza, siku tatu mfululizo, ndipo likapakwa rangi. Ila sifa inanuka, tena si kidogo. Arusi ya mwana wa Bi Tausi ilikuwa Ijumaa, na Sabiri akajiambia: nani atakuja kukalia uvundo wa papa? Akaiacha sifa, hakungoja hata benchi likauke, akapiga rangi ya kijani juu ya mbao zenye unyevu. Benchi likang'aa, wageni wakampongeza, naye akapokea bila haya.

Unyevu ukabaki umefungiwa ndani. Masika yalipokwisha, Bi Tausi alikaa alasiri moja, mguu wa benchi ukakatika, mama wa watu akavunjika nyonga.

Sabiri alipokwenda kumjulia hali alikuta kesi imeshahukumiwa.

"Ni huyu Mboni," alisema Bi Tausi kitandani, akimnyooshea kidole mke wa mwanawe. "Nilimwambia mvua ikija afunike benchi kwa turubai. Hakufunika! Mvivu tangu kwao."

Mboni alisimama mlangoni na bakuli la uji, macho chini. Sabiri angenyamaza ingekuwa afadhali. Yeye akajitia kuongeza, "Mvua za mwaka huu hazina mchezo, Bi Tausi," kisha akaaga.

Siku mbili zikapita. Kila alipofumba macho alimwona yule binti na bakuli lake, akajiona mtu wa hovyo kabisa. Siku ya tatu akachukua ubao mpya na chupa ya sifa, akaenda.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba. Umekuja kutengeneza?"

"Nimekuja kusema kwanza. Benchi sikulitia sifa. Lilioza kwa ndani, hata turubai lisingefaa kitu. Kosa ni langu, Mboni hana hatia."

Bi Tausi aligeuza uso kuelekea mlangoni.

"Mboni nimemfukuza jana. Yuko kwao Kigombe."

Aibu ilimpanda Sabiri mpaka masikioni. "Nitakutengenezea jipya, Bi Tausi. La bure."

"Nilikalie na nani? Yeye ndiye aliyekuwa akinisuka pale kila alasiri." Akaionyesha ile chupa kwa kidole. "Weka hiyo chupa chini. Nenda Kigombe, usimame mbele ya baba yake, useme maneno haya haya uliyoniambia mimi. Na yale ya mvua uliyosema juzi, uyaseme pia."

Sabiri aliacha ubao na chupa barazani, akashika njia ya Kigombe, akiyarudia maneno mdomoni asije akapunguza hata moja.