Maneno Chini ya Dawati

Kengele ya kutoka ilipolia, fundi cherehani aliingia darasani na fagio lake, akamwashiria bintiye ainue miguu, akaanza kuzoa maneno.

Binti alikuwa kiziwi. Sera mpya ilitaka kila mtoto asome karibu na kwao, pamoja na wenzake, kwa hiyo shule yake ya bweni ya viziwi ilifungwa. Tangu hapo maneno ya mwalimu yalimfikia usoni, yakakosa pa kuingia, yakaanguka. Yalikuwa makavu na mepesi kama maganda ya vitunguu. Binti aliyahisi yakitua miguuni. Ndivyo alivyojua kuwa somo limeanza.

"Leo yamezidi," fundi alisema.

"Tulikuwa na kugawanya, mama," mwalimu alijibu huku akifuta ubao. "Kugawanya hakuna huruma."

"Na yule mwalimu wa lugha ya ishara tuliyeahidiwa?"

"Wanasema yuko njiani."

"Njia gani hiyo, mwalimu wangu? Konokono angeshafika, akaoa, akajenga."

Walicheka, kisha fundi akainamia tena fagio lake.

Zamani binti alikuwa akirudi likizo na hadithi tele vidoleni, mama akiambulia nusu tu. Sasa vidole vilikuwa vinasahau. Juzi alitafuta ishara ya mvua, akaikosa, akaonyesha dirisha.

Mkaguzi alipokuja, maneno yalivunjikavunjika chini ya viatu vyake. Aliokota mawili matatu, akayageuzageuza, akayapuliza.

"Tatizo tumeliona, mama," alimwambia fundi. "Wizara italishughulikia."

Muhula uliofuata, gari la wizara liliingia uwanjani. Fundi aliliacha shati la mteja halina mkono, akakimbia na uzi mdomoni. Binti alikuwa ameshafika, amesimama karibu na mlango wa gari, nywele amezilainisha kwa maji.

Dereva alishusha mafagio mapya ya mpini mrefu, na pipa la taka lenye mfuniko. Mwalimu alitia saini. Yalikuwa mafagio mazuri, hilo hakuna aliyelibishia.

Binti alichungulia ndani ya gari. Kiti cha abiria kilikuwa kitupu. Alimgeukia mama yake, akainua mikono kuuliza. Vidole vilitafuta, vikatafuta, vikashuka.

Mama alilijua swali. Lakini yeye alikuwa na ishara za nyumbani tu: kula, lala, njoo. Akampa "njoo".

Binti akaja. Akachukua fagio moja jipya, akaingia darasani, akaanza na chini ya dawati lake.