Azalea Iliyonyolewa

Azalea, kile kichaka cha maua, ilikuwa imemfika fundi cherehani kiunoni, na kwa mwaka wa tatu mfululizo ilikuwa imegoma kuchanua. Majani inayo tele, kijani kibichi mwaka mzima, wala haijui kupukutika. Ua? Hata la dawa.

Fundi aliileta ikiwa kitawi tu, alichokikata bustanini kwa marehemu mama yake siku nyumba ilipouzwa. Wanunuzi walibomoa nyumba, wakang'oa kila kilichoota. Ukabaki mti huo, na ubishi. Dada yake mkubwa aliapa kwamba maua ya mama yalikuwa mekundu. Yeye akashikilia kwamba yalikuwa ya rangi ya waridi. Picha hawana. Kila wakipigiana simu, dada humchokoza.

"Vipi, mdogo wangu, umeshakubali ni mekundu?"

"Ngoja yachanue, utaona aibu."

Lakini yachanue wapi! Aliisombea udongo mchachu, akafunika mizizi kwa majani makavu ya msonobari, akainywesha maji ya mvua aliyoyakinga mwenyewe. Hata na jirani aligombana naye, akimtuhumu kwamba anamwaga majivu upande ule wa ukuta na kuua uchachu wa udongo. Jirani alikana katakata, na tangu hapo salamu zikakatika.

Aliyemsaidia ni mumewe peke yake. Huyu alikuwa kinyozi hadi alipofunga kibanda chake, akisema magoti yamechoka kusimama. Kila wiki alisogeza kigoda kwenye azalea, akaipunguza kwa mkasi mpaka ikawa duara. Akimaliza huipuliza, kama anavyopuliza shingo ya mteja.

"Umependeza, bosi," huiambia.

Fundi alikuwa akicheka. Asubuhi hiyo, akifagia mabaki, kicheko kilikauka. Ncha za vitawi vilivyokatwa zilikuwa nene, zimevimba. Alichomoa sindano kifuani pa blauzi, akapasua ncha moja kiganjani. Ndani mlikuwa na petali, ndogo mno, zimekunjwa vizuri kama kitambaa dukani. Rangi bado hazijapata.

Alichukia mpaka machozi yakamtoka.

"Baba Pacha! Njoo hapa!"

Mumewe akatokea na mkasi wake.

"Hivi ni vitumba vya maua! Mti umevibeba miezi yote hii, wewe unakuja unavifyeka! Miaka mitatu unakata maua ya mama yangu kabla hayajazaliwa!"

"Mimi nilikuwa nausafisha tu, mke wangu."

"Kusafisha! Si ungesubiri uchanue kwanza, maua yaanguke, ndiyo ukate? Nimemtukana mtu wa watu kwa ajili ya majivu, kumbe mchawi ninaye ndani! Lete huo mkasi."

Hakuuleta. Fundi alinyoosha mkono kuunyakua, ndipo akasikia makali yakigongana yenyewe, taratibu. Mkono wa mumewe ulikuwa unatetemeka.

"Si magoti," kinyozi alisema, macho chini. "Ni huu mkono. Mteja wangu wa mwisho nilimkata sikio. Wengine wakasikia, wakahama mmoja mmoja. Huu mti haujawahi kulalamika."

"Na mimi mkeo hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kinyozi hajinyoi. Basi nimnyoe nani?"

Fundi alitaka kumwonea huruma, lakini hasira ilikuwa imetangulia na haikutaka kupisha njia. Maua ya mwaka huu ndiyo hayo, yako kwenye pipa la taka. Dada atamcheka mpaka mwakani. Na jirani bado hajaombwa radhi.

Akakiburuta kigoda mbali na azalea, akakibwaga mlangoni.

"Mti wangu usiuguse tena. Hata kwa kidole."

"Sawa."

"Nitakapokuambia kata, ndiyo utakata."

"Nimesikia, mama."

Fundi akakaa juu ya kigoda, akavua kitambaa kichwani.

"Sasa hapo umekaa unafanya nini?" mumewe akauliza.

"Kwani mimi sina kichwa?"

Kinyozi alijifuta viganja kwenye suruali, akaja nyuma yake. Vidole vyake vililishika sikio la mkewe na kulikunja polepole mbele, kama alivyowafanyia wateja miaka yote. Mkasi ukaanza kulia, ukitetemeka, karibu kabisa na ngozi.

Fundi akafumba macho, bado amenuna, na hakusogea.