Soda ya Shangazi Yahitaji Shahidi

Shangazi Epifania alitaka Mzee Bashiri wa Milanzi auze dukani kwake soda ya machungwa ambayo shangazi huitengeneza nyumbani, la sivyo angebaki kuuzia majirani tu. Tukampelekea kreti moja. Mzee akainua chupa juani kama daktari anayekagua mkojo.

"Mbona kuna vitu vinaelea?"

"Nyama za chungwa hizo, kaka."

"Haya, onja wewe kwanza."

Kwetu hiyo si dharau. Mwenye kinywaji huonja kwanza, ndipo mgeni anywe bila wasiwasi. Lakini shangazi akarudisha mikono nyuma.

"Siwezi, kaka. Ni Kwaresima, nimeacha vitu vitamu."

Wateja wakatazamana. Mama mmoja aliyekwisha kushika chupa akairudisha kimya kimya.

"Mpishi anakwepa chungu chake!" akasema Mzee Bashiri.

Nikajitolea kuonja mimi. Nikapiga mafunda matatu, tamu kweli. Sijui shetani gani alinipitia, nikashika koo, nikatoa macho, nikajibwaga sakafuni.

Wateja wakatimka, dukani tukabaki sisi watatu.

"Jamani, natania!"

Shangazi akafanya ishara ya msalaba, akaninyang'anya chupa na kuimaliza yote. Mzee Bashiri akamtazama usoni, akatazama saa, akamtazama tena.

"Kreti iache," akasema mwishowe. "Kesho nikikuona mzima, nitaipanga mbele."

Kesho yake alipofika kufungua duka, alimkuta shangazi amesimama mlangoni, amevaa kitenge chake cha Pasaka.