Vibendera Nje ya Mlango wa Mtihani

Sidsel alimwambia mtu mmoja tu siku ya mtihani wake wa mdomo, naye ni Malthe, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja. Kumwambia Malthe ni sawa na kubandika tangazo stesheni. Basi alipotolewa nje ili walimu wajadili alama yake, akakuta korido imejaa watu, vibendera vyekundu vya kupongezea mkononi.

"Mama! Umefikaje?"

"Kwa treni, kwani ningepaa? Nimetoka Thisted alfajiri. Mtaa mzima unajua Agosti unaanza kazi kwa wale wa mitambo ya upepo."

"Ulitaka upokewe na mashine ya kahawa?" Malthe akadakia, chupa ya mvinyo wa povu kwapani. "Watu wakimaliza si wanapokelewa hivi?"

Wanapokelewa, ndiyo. Ila wanaomaliza. Kitu ambacho Sidsel hakumwambia hata Malthe ni kwamba mtihani huu wa takwimu alishaanguka mara mbili. Ya nne haipo. Ukianguka ya tatu unatolewa chuoni, na kazi ya Agosti ilikuwa inangoja cheti.

Mlango ukafunguka. "Sidsel, njoo."

Ndani, Mwalimu Ejnar hakukaa. "Pole sana. Ni sifuri."

"Hata mbili?" Mbili ndiyo alama ya chini kabisa ya kufaulu.

"Hata mbili. Tumevutana sana, Sidsel. Pole."

Nje walishaanza kupiga hurei, za haraka haraka, miguu ikigonga sakafu.

"Hapa hakuna mlango mwingine?"

Ejnar akatazama dirisha, ghorofa ya tatu. "Ni huo tu."

Akashika kitasa. Hajafungua kinywa, kizibo kikaruka, povu likamwagika kwenye viatu vya Malthe, watu wakashangilia. Mama peke yake hakushangilia. Alikuwa amemtazama mwanawe usoni.

"Ngapi, mwanangu?"

Sidsel akatikisa kichwa.

Kelele zikazimika moja moja. Mama akapita akikusanya vibendera mikononi mwa watu, akavitia kwenye pochi, akaifunga zipu.

"Sid, mimi sikujua..." Malthe alianza.

"Mimina tu. Ishafunguliwa."

Wakanywa wamesimama, kwenye vikombe vya plastiki, kama watu waliotoka kuzika. Msichana wa zamu iliyofuata akapita katikati yao na makaratasi yake, akaiona chupa, akatabasamu.

"Hongera, jamani!"

"Asante," Sidsel akasema, akampisha mlangoni.