Kitenge cha Mawe Mawili

Rogers hakuwa Mpare, na hilo ndilo lililotuponza. Baba yake aliletwa kutoka Kigoma kukata mkonge. Shamba lilipouzwa kwa mwekezaji, mzee wake akapunguzwa kazi, na kijana akafungua duka la picha karibu na stendi ya Same. Alikuwa na kamera, skana na kompyuta iliyotumika Ulaya hadi ikachokwa. Kutoka huko tulishazoea kuletewa mashati na viatu. Sasa zilikuja hata kompyuta.

Umoja wa wanawake wa usharika wetu, huku juu milimani, ulikuwa unakaribia jubilei. Tukasema hatutaki kitenge cha sokoni ambacho kesho yake utamkuta nacho muuza dagaa wa bwawa la Nyumba ya Mungu. Tunataka chetu. Basi mwenyekiti wetu Hedwiga, mke wa mwinjilisti Sifael, akateremka Same kwa Rogers kutafuta pambo la kuchapisha, yeye na katibu wake Mary, binti wa Ugweno, kaskazini ya milima, aliyeolewa kwetu.

"Shikamooni, mama zangu," Rogers aliwapokea, akawasogezea viti mbele ya kompyuta.

Akawaonyesha kazi yake. Alichukua picha ya jani la mgomba, akaikata katikati, nusu moja akaitupa. Nusu iliyobaki akaitolea nakala, akaigeuza kama sura inavyogeuka kwenye kioo, akaziunganisha. Jani likawa kipepeo. Akafanya vivyo hivyo kwa ukungu wa mlima Shengena, ukawa mabawa. Mary alicheka kama mtoto. Hedwiga naye alicheka, mpaka ilipofunguka picha ya tatu.

"Hii niliipiga huko kwenu," Rogers alisema. "Kuna kimsitu kimoja kizuri sana. Hakuna hata mtu anayekata kuni mle. Nyie watu mnajua kutunza mazingira."

Kwenye kioo cha kompyuta yalionekana mawe mawili meusi yametazamana, kila moja na mkanda mweupe kiunoni, na mizizi ya mkuyu imeyakumbatia. Mgeni angeona pambo tu, tena zuri. Hedwiga aliona mpungi wa ukoo wa mumewe, msitu wa mizimu, mahali ambapo Mkristo wa kwetu hakanyagi. Au ndivyo anavyosema.

Yeye alishakanyaga. Ilikuwa miaka ile ya shida, sukari hakuna, sabuni hakuna, na zahanati ina muuguzi na benchi tu. Eva, mtoto wao wa kwanza, alikufa kwa homa kwenye benchi hilo. Asnath, wa pili, alipoanza kuchemka vilevile, Sifael alikuwa semina Mwanga. Mama mkwe, bibi Asteria, akamshika Hedwiga mkono, akampeleka mpungi. Alikaa mbele ya jiwe na mtoto mapajani, pombe ikamwagwa, maneno yakasemwa. Kisha bibi akamwapisha asije akamwambia mumewe. Asnath alipona, kwa jiwe au kwa Mungu, Hedwiga hakuthubutu kujiuliza.

Hilo peke yake angelibeba. Lililomtafuna ni Koleta. Koleta ni mjane wa hapa hapa, aliyeonwa akitoka mpungi na mtoto wake mgonjwa mgongoni. Aliitwa mbele ya baraza, Sifael akasoma shtaka, na washarika walipoulizwa nani anakubali atengwe, Hedwiga akanyoosha mkono. Tangu siku ile Koleta hapokei Meza ya Bwana, hayumo kwenye umoja wetu, anakaa benchi la mwisho karibu na mlango. Ameambiwa atubu arudi kundini. Husema hajui atubu nini, mwanawe alikuwa anaumwa.

"Hiyo ina giza," Hedwiga alimwambia Mary. "Tuchukue ya kipepeo."

"Giza gani, Mama Asnath? Mbona hii ndiyo ina heshima. Vipepeo ni vya watoto wa chekechea."

"Mimi siipendi."

"Kwa nini?"

Angejibu nini? Akisema ni mpungi, ataulizwa amejuaje. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, na lake liliwaka pale pale kwenye kiti. Alitazama sakafu, akasema basi, na iwe hiyo.

Kitenge kilipofika kutoka kiwandani, likatokea jambo la ajabu. Wanawake waliochachamaa mwaka mzima wakidai sare wakawa mabubu. Mmoja alisema kinamwasha. Mwingine akadai rangi itachuja, kabla hajakifua. Mama mmoja mtu mzima akamuagiza fundi amshonee ndani nje. Hakuna aliyesema kwa nini, maana kulalamika kulikuwa sawa na kutubu kwamba nawe umekanyaga mpungi. Mary peke yake, Mgweno wa watu asiyeujua mpungi wetu, alizunguka nacho akiuliza kama si kizuri, nasi tukamjibu ni kizuri sana.

Hedwiga alimwambia fundi akate vipande vidogo vidogo na kutia marinda mengi, jiwe lisionekane. Sifael aliona mkewe amevaa marinda, basi. Wanaume hawatazami nguo.

Siku ya jubilei ibada ilikwisha vizuri. Tukatoka nje kwenye mnada wa sadaka, na kama kawaida mnadishaji alikuwa Sifael. Alinadi ndizi, kahawa, jogoo, huku akitutania hadi tukasahau vitenge vyetu. Rogers alikuwepo kama mgeni, amevalia tai. Ndipo Mary, kwa moyo mweupe, akampa Sifael kipande cha kitenge kilichobaki, kizima, hakijaguswa na mkasi.

Sifael alikinyoosha kwa mikono miwili kifuani, akainama kukitazama ili akisifie. Akakaa hivyo. Sasa lazima mjue, Sifael hawezi kuvumilia kosa. Mtoto akikosea neno moja la zaburi atamrudisha mwanzo, hata kama mvua inanyesha na watu wamesimama. Tabia hiyo ilimtoka kabla akili haijamzuia.

"Huyu kijana amekosea," alisema. "Jiwe ni moja."

Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyeuliza jiwe gani.

"Kweli, mwinjilisti," Rogers akaitikia kwa furaha. "Lilikuwa moja, mimi nimeligeuza tu likawa mawili. Kumbe na wewe umeshafika pale?"

Hedwiga alimtazama mumewe, na hapo hapo akaelewa: bibi Asteria alimpeleka mwanawe pia, siku nyingine, kwa kiapo kile kile. Kumbe miaka yote hiyo walikuwa wakilala kitanda kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake jiwe lile lile. Alimwonea mumewe aibu, kisha akajionea mwenyewe, na ya pili ikawa kubwa zaidi. Angeweza kunyamaza. Marinda yalikuwa yanamfichia vizuri.

"Tumefika," alisema. "Mimi nilifika na Asnath."

Sifael aligeuka polepole. "Na wewe? Mama aliniapisha nisikwambie."

"Na mimi aliniapisha."

Koleta alikuwa amesimama ukingoni na kikapu chake cha maharage, sadaka ambayo haikuwa imefikiwa. Hakupandisha sauti.

"Basi siku ile mliponinyooshea mikono," aliuliza, "hilo jiwe mlikuwa mmeliweka wapi?"

Hedwiga alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Upareni ni mwamba mtupu, haimezi mtu kwa kuombwa. Sifael alikunja kitenge, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama leso.

Koleta akatua kikapu mbele ya meza ya sadaka, akashika njia ya kwake. Hedwiga alifungua mdomo amwite arudi, akae nasi, ale. Akatuangalia sote tuliokuwa pale uwanjani, mmoja baada ya mwingine, tumeinamisha macho katika vitenge vyetu vipya, akaona hakuna hata mmoja mwenye haki ya kumkaribisha.